Unataka kupinga umri wa bunduki mahakamani? Soma haya kabla hujamlipa wakili

Hapa Ngamiani nikikaa kwa muuza kahawa jioni, swali ni lilelile: "Mzee, Marekani vijana wa miaka 18 wameishtaki serikali wakashinda, sasa wananunua bastola. Sisi kwa nini tusubiri mpaka 25?" Anayeuliza kwa kawaida ameona kipande cha video kwenye simu. Aliyenibana kuliko wote ni mpwa wangu wa Muheza, ana miaka 22 na shamba la michungwa ambalo nguruwe pori na wezi wanapokezana kulimaliza.

Nilikuwa karani wa masjala ya mahakama hapa Tanga mpaka nilipostaafu. Si wakili, na anayeniita wakili ananitafutia matatizo. Ila majalada nimeyapokea, nimeyafunga kwa kamba na kuyapeleka kwa majaji, na najua kesi za namna hii zinafia wapi. Maelekezo haya ni kwa anayetaka kweli kupinga umri huo, na pia kwa anayetaka tu kuzifuatilia kesi za Marekani bila kuvutwa pua na video ya dakika moja.

Sheria inamzuia nani, na asifanye nini?

Tafuta kifungu chenyewe ukisome. Habari za kifungu ziache kwa watu wa barazani.

Sheria ya Marekani iliyozaa kesi hizi ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968, mwaka ambao Martin Luther King na Robert Kennedy waliuawa kwa risasi. Inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, na bunduki ndefu mtu aliye chini ya miaka 18. Aliyefungwa mikono hapo ni muuzaji mwenye leseni. Kijana wa miaka 19, kwa sheria hiyo ya serikali kuu, anaweza kuwa na bastola aliyopewa na baba yake, au hata kuinunua kwa mtu asiye mfanyabiashara, mradi sheria ya jimbo lake haimzuii. Katazo la kuwa nayo, ambalo liliongezwa 1994, linawahusu walio chini ya miaka 18.

Juu ya hiyo kila jimbo lina lake. Florida ilipandisha umri wa kununua bunduki ya aina yoyote mpaka 21 Machi 2018, wiki chache baada ya kijana wa miaka 19 kuua watu 17 katika shule ya Marjory Stoneman Douglas mjini Parkland. Colorado ilifanya hivyo 2023. Minnesota iliweka 21 kwa kibali cha kubeba bastola hadharani. Kwa hiyo ukiambiwa "vijana wameshinda", uliza: wameshinda nini? Kununua dukani, au kutembea nayo barabarani? Bastola, au bunduki ndefu? Sheria ya jimbo, au ya nchi nzima? Wengi wanaoshangilia hawana jibu hata moja.

Yetu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Yenyewe inakushika wewe moja kwa moja: hukai na silaha bila leseni, na leseni huombi kabla hujatimiza miaka 25. Dukani, kwa jirani, urithi wa babu, gobore la porini Handeni, vyote vinapita mlango huohuo wa leseni. Mpwa wangu alikuja na hoja kwamba ibara ya 67 ya Katiba inaruhusu kugombea ubunge ukiwa na miaka 21, kwa hiyo mtu anaweza kupitisha sheria ya silaha bungeni wakati mwenyewe hajafikia umri wa kuomba leseni. Hoja tamu kwa mdahalo wa sekondari. Mahakamani jaji atatabasamu, kisha atauliza: ibara gani imevunjwa?

Swali la haki linatangulia swali la umri

Hapa ndipo mtu anayebeba hukumu ya Marekani kuja nayo Mahakama Kuu anapokwama, na ni afadhali akwame nyumbani.

Wao wana Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya 1791, yanayotaja haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu yao ilisema haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, si ya mgambo peke yake. Mwaka 2010 ikasema inayabana na majimbo. Kisha Juni 2022 ikaja kesi ya Bruen, ambayo ndiyo iliyofungua bomba: kama jambo unalotaka kufanya limo ndani ya maneno ya Marekebisho hayo, serikali ndiyo inayobeba mzigo wa kuonyesha kwamba katazo lake linafanana na desturi ya kihistoria ya nchi ya kudhibiti silaha. Kijana anaingia mahakamani tayari ana haki mkononi, serikali inahangaika kumnyang'anya.

Sisi fungua Katiba ya 1977, ibara ya 12 mpaka 29. Hakuna ibara ya silaha. Utakachopata ni ibara ya 24, haki ya kumiliki mali, ambayo inamalizikia na maneno "kwa mujibu wa sheria". Utapata ibara ya 14: kila mtu ana haki "ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake". Wapo wanaoishika hiyo kwa furaha wakisema, nalinda maisha yangu. Isome tena. Hifadhi inatoka katika jamii. Wakili wa Serikali ataisoma sentensi hiyo polepole mbele ya majaji, kisha atakaa chini.

Kwa maoni yangu panapobaki pa kusimama ni ibara ya 13, usawa mbele ya sheria. Napo pana shimo: ibara ndogo ya 5, inapoeleza ubaguzi ni nini, inataja utaifa, kabila, pahala mtu alipotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Umri haumo. Utalazimika kushindana ndani ya "hali ya maisha", au kusema orodha ile haikukusudiwa kufunga mlango. Si kazi rahisi, na wakili anayekuambia ni rahisi mwulize ada yake ni kiasi gani.

Pana kesi yetu moja ya umri iliyoshinda, na huna budi kuisoma kabla ya zote za Marekani: ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana anatakiwa awe na 18. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Sasa tazama kilichoibeba kesi ile. Hakusema tu kwamba 15 ni umri mdogo. Aliweka watu wawili ubavu kwa ubavu, msichana na mvulana, umri mmoja, sheria inawatenda tofauti kwa sababu ya jinsia. Umri wa silaha hauna watu wawili wa namna hiyo. Miaka 25 inamkata Juma na inamkata Mwanaidi vilevile. Ukitaka kupita njia ya Gyumi, lazima umtafute mtu wako wa pili: nani yuko katika hali sawa na yako, na sheria inampa inachokunyima wewe? Ukimkosa, kesi yako itakuwa malalamiko kwamba Bunge lilichagua namba usiyoipenda, na Bunge lina ruhusa ya kuchagua namba.

Jinsi ya kuzisoma hukumu zao

Pamoja na hayo, zisome. Si kwa ajili ya kuzinukuu kama msahafu, bali kwa sababu majaji wale wamelichambua swali la umri kwa kina, kwa pande zote mbili, na hoja nyingine zinaweza kuvuka bahari.

Anza na hukumu mbili zinazogongana. Januari 30, 2025, Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 5, iliyoko New Orleans (kanda ni mahakama za serikali kuu zilizo chini ya Mahakama ya Juu, kila moja na majimbo yake), ilisema kifungu cha 1968 kinachowazuia wenye miaka 18 mpaka 20 kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni kinavunja Katiba. Juni 18 mwaka huohuo, Kanda ya 4, iliyoko Richmond, ikasema kifungu hichohicho hakina kosa. Katiba moja, sheria moja, miezi mitano katikati. Mtu akikuambia "Marekani imeamua", mwulize kanda gani.

Zilipoachana ni kwenye historia. Kanda ya 5 ilishika Sheria ya Mgambo ya 1792, iliyoandikisha wanaume kuanzia miaka 18 mpaka 45 na kumtaka kila mmoja ajipatie bunduki yake. Kama mwenye 18 aliitwa na bunduki yake, basi yumo ndani ya "watu" wanaotajwa na Katiba. Kanda ya 4 ilitazama dukani badala ya uwanja wa gwaride. Zama zile mtu hakuwa mtu mzima kisheria kabla ya 21. Mkataba aliouingia angeweza kuukana. Muuza duka aliyempa bunduki kwa mkopo kijana wa miaka 19 alijua kwamba kijana akigoma kulipa, mahakama haitamsaidia kupata pesa yake. Duka la namna hiyo haliuzi. Kwa hiyo, wanasema majaji hao, kijana wa 1791 hakuwa na njia ya maana ya kununua bunduki mwenyewe, na sheria ya 1968 inafanana na hali hiyo.

Machi 14, 2025, Kanda ya 11 ya Atlanta, ikikaa majaji wote, iliipitisha sheria ya Florida kwa kura 8 dhidi ya 4 kwa hoja ya jamii hiyohiyo. Katika ushahidi unaorudi mara kwa mara kwenye kesi hizi utakuta sheria za Alabama na Tennessee za 1856 zilizokataza kuwauzia bastola walio chini ya umri, na utakuta Chuo Kikuu cha Virginia kikipiga marufuku silaha kwa wanafunzi wake 1824, wakati Thomas Jefferson na James Madison wote wawili wamo kwenye bodi. Hilo la mwisho linauma, kwa kuwa Madison ndiye aliyeyaandaa Marekebisho ya Pili.

Mimi hoja ya mkopo dukani inanishawishi kuliko ya mgambo. Serikali kumwita kijana vitani kunaonyesha inachoweza kumwamuru, hakuonyeshi anachoweza kujinunulia. Majimbo mengine ya zama zile yaliwataka wazazi ndio wawape vijana wao silaha za mgambo, jambo ambalo lisingehitajika kama kijana angejinunulia bila taabu. Kisha kuna jambo ambalo sisi tulio huku hatuwezi kulipita tukiwa tumefumba macho: sheria ile ya 1792 iliandikisha wanaume weupe tu. Anayeifanya kuwa kipimo cha nani ni "watu" aeleze kwa nini anachukua umri wake na kuiacha rangi yake.

Usiwapuuze waliokwepa historia kabisa. Novemba 2024 Kanda ya 10 ya Denver iliipitisha sheria ya Colorado kwa kusema umri wa kununua ni sharti la biashara ya silaha, na kesi ya Heller ilishasema masharti ya biashara yanahesabiwa halali mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Kwa Mtanzania hii ndiyo hukumu iliyo karibu na kwetu, kwa sababu inafikiri kwa lugha ya leseni na masharti. Ni hukumu ya upande wa serikali, najua. Ndiyo sababu uisome: hoja utakayopigwa nayo ni afadhali uione mapema.

Kanda ya 8 iliyaangusha masharti ya Minnesota Julai 2024, na Kanda ya 3 nayo ikasimama upande wa vijana kuhusu kubeba silaha hadharani Pennsylvania. Hizo unaweza kuzipitia haraka. Ila kila hukumu iliyotoka baada ya Juni 2024, tazama inaitendeaje kesi ya Rahimi, mtu aliyeshtakiwa kwa kuwa na bunduki akiwa chini ya amri ya mahakama ya ukatili wa nyumbani. Humo Mahakama ya Juu, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilisema serikali haitakiwi kuleta sheria ya kale iliyo pacha wa ile ya leo. Inatosha zilingane katika msingi. Jaji anayeikazia Rahimi kwa kawaida humalizia upande wa serikali. Ukishajua hilo, na ukajua jaji anahesabu historia ya 1791 au anaongeza na ya karne ya 19, matokeo utayakisia kabla hujafika nusu ya kurasa.

Umri hausimami kusubiri jaji

Sehemu hii ndiyo ninayotaka uisome mara mbili, hata kama nyingine utaziruka.

Julai 2021 Kanda ya 4 ileile ya Richmond ilikuwa imewapa vijana ushindi dhidi ya kifungu cha 1968. Wakashangilia. Kabla mambo hayajakamilika, mlalamikaji aliyebaki chini ya umri akatimiza miaka 21. Akawa anaweza kuingia dukani kama mtu mwingine yeyote, hana tena cha kulalamikia. Septemba mwaka huohuo hukumu ile ikafutwa. Kazi yote, kurasa zote, zikabaki karatasi, kwa sababu ya siku ya kuzaliwa.

Kesi ya umri ina ugonjwa huu ambao kesi ya kiwanja haina. Kiwanja kitakusubiri. Wamarekani walijifunza, na siku hizi hawafungui na mtu mmoja: wanaweka vijana kadhaa wa umri tofauti, na pembeni chama chenye wanachama wa miaka 18 mpaka 20, ili mmoja akivuka mstari mwingine awe bado nyuma yake.

Je, kwetu unaweza? Zamani mlango ulikuwa mpana. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, na kesi ya Mchungaji Mtikila ya miaka ya 1990 ilithibitisha kwamba mtu anaweza kusimama kwa ajili ya umma. Lakini 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ambayo ndiyo njia ya kesi hizi. Marekebisho hayo yalimtaka mleta maombi aambatishe hati ya kiapo inayoeleza ni kwa kiasi gani yeye binafsi ameathirika. Kwa masharti hayo babu wa miaka 60 kama mimi hakuweza kumfungulia kijana kesi ya umri. Njia salama ni athari iwe yako, na iwe bado ni yako siku ya hukumu.

Sasa piga hesabu ya mpwa wangu. Ana 22. Kesi ya Gyumi, ambayo ilikwenda kwa kasi ya kusifiwa kwenye Mahakama Kuu, ilianza 2016 na kumalizika Mahakama ya Rufani 2019. Kwa mwendo huo mpwa wangu atasomewa hukumu ya rufaa akiwa na 25, leseni ameshaiomba kwa njia ya kawaida. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema ana mdogo wake wa miaka 18. Nikamwambia hapo umeanza kufikiri kama mlalamikaji.

Kwa hiyo: chini ya miaka 20 ndio wa kuanzisha kesi hii, na wawe zaidi ya mmoja, kila mmoja na kiapo chake na athari yake mwenyewe. Mwenye 24 asipoteze nauli.

Jalada lenyewe

Umri wako kwanza uwe mmoja. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wenye cheti cha kuzaliwa cha RITA kinachosema hivi, kitambulisho cha NIDA kinachosema vile, na cheti cha shule chenye jibu la tatu. Katika kesi ya kiwanja hilo ni dosari ndogo. Katika kesi ambayo umri ndiyo kesi, wakili wa upande wa pili ataziweka karatasi hizo tatu mezani na hutakuwa na la kusema. Sahihisha kabla ya kufungua.

Kisha omba leseni, ukataliwe, na ukataliwe kwa maandishi. Pitia serikali ya kijiji au mtaa wako na polisi wa wilaya kama muombaji mwingine, ueleze shamba liko wapi, ni ekari ngapi, unalinda nini. Barua inayosema "hujatimiza umri" ina thamani kuliko aya kumi za uchungu. Ukijibiwa kwa mdomo tu, andika barua ya kuomba sababu, utunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kama sheria inatoa ngazi ya kukata rufaa kiutawala, ipande yote: marekebisho yaleyale ya 2020 yalitaka umalize njia nyingine kabla hujafika kwa majaji, na Mahakama Kuu ina ruhusa ya kukufukuza ukiwa umeruka ngazi.

Usijaribu kuipata kesi kwa kukamatwa. Kijana mmoja aliniambia, kwa umakini kabisa, kwamba atembee na gobore mpaka ashtakiwe, halafu aipinge sheria akiwa kizimbani, "kama yule Rahimi". Rahimi alishindwa, na alikuwa mshtakiwa wa jinai. Hapa kwetu silaha bila leseni inaangukia kwenye makosa ya uhujumu uchumi, na utaisubiri Katiba ukiwa mahabusu.

Maombi yenyewe yataje majina na anwani za pande zote, ibara unazodai zimevunjwa kwa namba zake, maelezo ya mambo yaliyotokea, na nafuu unayoomba, yaani unachotaka mahakama iamuru. "Haki zangu za kikatiba zimevunjwa" bila namba ya ibara haitoshi. Mjibu maombi ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu 2021 Kiswahili kinatambuliwa na sheria kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo usikubali kuambiwa kesi yako lazima uisome kwa lugha usiyoielewa. Jalada siku hizi linafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, lakini kiapo bado kinatiwa wino na mtu.

Na kiapo ndicho nilichokiona kikiua kesi nyingi nzuri. Kishike mkononi, geuza ukurasa wa mwisho, tazama kile kipande cha chini ambapo Kamishna wa Viapo anatia saini na muhuri. Lazima kionyeshe kiapo kimeliwa wapi na lini. Si mwezi na mwaka tu na nafasi ya tarehe ikiwa wazi, wala si muhuri uliofunika jina la mahali. Watu wanasaini kwa haraka ofisini, wanasema tarehe tutajaza baadaye, na baadaye haiji. Wakili wa Serikali haanzi na Katiba, anaanza na kipande kile. Akikiona kina upungufu analeta pingamizi la awali, maombi yanatupwa, na wewe unaanza upya ukiwa umeongeza umri.

Ukipita hapo, jaji mmoja anatazama kwanza kama maombi yana maana au ni usumbufu, kisha majaji watatu wanasikiliza. Kwenye kusikilizwa fahamu mambo mawili. Kesi ya Ndyanabo, ya Mahakama yetu ya Rufani, inasema sheria inahesabiwa kuwa sawa na Katiba mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Lakini ukishaonyesha haki imeguswa, anayetetea mpaka uliowekwa ndiye mwenye kuuhalalisha. Na kesi ya Daudi Pete inataka sheria inayobana haki isiwe ya kiholela, na isibane kupita kinachohitajika kufikia lengo. Nguvu zako zote ziweke kwenye hilo la pili. Kwa nini 25 na si 21? Kuna mafunzo, kuna uchunguzi wa tabia, kuna polisi wa wilaya anayekujua: kama vichujio hivyo vinafanya kazi, miaka minne ya ziada inaongeza nini? Hilo ni swali ambalo serikali italazimika kulijibu kwa ushahidi. Huenda wana jibu zuri. Marekani, Mei 2022, wauaji wa Buffalo na wa Uvalde wote walikuwa na miaka 18, na mwezi uliofuata Bunge lao liliongeza uchunguzi kwa wanunuzi walio chini ya 21 bila kuwazuia kununua. Sheria hiyo itumie wewe kabla hawajaitaja wao: inaonyesha kuna njia iliyo katikati ya kuruhusu na kukataza.

Kwenye nafuu, usiombe kifungu kifutwe siku hiyohiyo. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa serikali muda wa kurekebisha, na majaji wanapenda kuitumia. Katika kesi ya Gyumi walitoa mwaka mmoja. Mwaka ule ulipita, rufaa ikapita, na miaka kadhaa baada ya 2019 sheria ya ndoa ilikuwa bado haijarekebishwa. Kwa hiyo omba waziwazi kieleweke kitatokea nini muda ukiisha bila Bunge kufanya kitu, na omba kwamba, wakati wa kusubiri, maombi ya leseni ya waleta maombi yapokelewe na kupimwa kwa vigezo vingine vyote. Kuhusu gharama, andika kila upande ubebe zake. Kesi za Katiba majaji hukubali hivyo mara nyingi, lakini usipoomba, usije ukashangaa ukidaiwa.